Chupa kwa Baba



Wapendwa Taifa la Mungu, katika majuma haya ya Majilio parokia yetu ya hapa Dar es Salaam huanza kupungua watu. Waamini wetu wenye asili ya Kilimanjaro wanafunga mizigo. Mabasi ya Moshi, Marangu na Rombo yanajaa, na ikifika Misa ya mkesha wa Noeli mabenchi kadhaa yatabaki wazi. Tunawaombea safari njema. Ni jambo jema mtoto kurudi kwa wazazi wake, tena katika siku ambayo Mwana wa Mungu alikuja kwetu.

Katika mizigo hiyo mna mchele, sukari, vitenge vya mama na nguo za watoto wa kaka. Na kwa baba, mara nyingi mna chupa. Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja alitusubiri mlangoni akauliza kwa haya kidogo: “Baba, mzee wangu nimnunulie wiski ipi?” Waliosimama karibu walicheka, wakidhani tutamkemea. Hatukumkemea. Swali lake lilikuwa swali jema, nasi tukaona tulijibu hapa kwa faida ya wengi.

Kwanza, Kanisa halifundishi kwamba kinywaji ni dhambi. Divai ipo altareni kila siku. Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anaisifu divai inywewayo kwa kiasi na kwa wakati wake, kisha mara moja anaonya juu ya uchungu wa ulevi. Katekisimu, namba 2290, inatuwekea fadhila ya kiasi ituepushe na kupita kipimo katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa. Wiski yenyewe haikuwa ngeni kwa watawa. Katika vitabu vya hesabu vya mfalme wa Uskoti vya mwaka 1494 imeandikwa kwamba mtawa mmoja, John Cor, alipewa kimea cha kutengenezea kile walichokiita kwa Kilatini maji ya uzima. Hata jina la wiski limetokana na maneno ya Kigaeli yenye maana hiyo hiyo.

Pili, tujibu swali kama lilivyoulizwa, maana mnunuzi asiyejua hulipia mapambo ya boksi. Wiski ya Uskoti, kwa sheria ya huko, hukaa katika mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3, na nguvu yake haiwi chini ya asilimia 40. Namba iliyoandikwa kwenye chupa, kama 12 au 18, ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Miaka hiyo ni ya pipa tu. Ikishaingia kwenye chupa haikomai tena. Ukiiweka kabatini miaka 10, iliyokuwa ya miaka 12 itabaki ya miaka 12. Bei kubwa haimaanishi heshima kubwa, na mzee aliyezoea mbege huenda asipende ladha ya moshi iliyomo katika baadhi ya wiski hizo za gharama. Nunueni katika duka lenye leseni, mkaangalie kifuniko na stempu ya kodi, kwa sababu pombe bandia zimeua watu. Tena kumbukeni kipimo: chupa moja ya mililita 750 ina kilevi sawa na chupa 12 za bia za mililita 500 yenye asilimia 5. Mzee aliyezoea kujaza kata ya mbege asije akajaziwa wiski kwa kipimo hicho.

Lakini, wapendwa, swali la chupa ipi ni jepesi. Lipo lililo gumu zaidi, nalo ni hili: baba atakayeipokea ni nani siku hizi?

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumzika baba wa familia moja ya parokia yetu. Familia imeturuhusu kulisimulia hili. Baada ya maziko mgombani, watoto waliingia chumbani kwa mzee kutafuta hati za shamba. Katika kabati, nyuma ya koti lake la kuendea kanisani, wakakuta chupa nane za wiski zikiwa bado katika maboksi yake. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Zilikuwa ni Noeli zao nane. Mama yao akawaeleza kwamba mzee aligundulika ana kisukari na daktari alimkataza pombe kabla hata ya chupa ya kwanza kufika. Hakuwaambia, kwa sababu hakutaka kuwaaibisha watoto waliotoka mbali na zawadi mkononi. Kila mgeni alipofika, mzee alizitoa, akazipanga mezani na kusema hii ni ya fulani, hii ni ya fulani. Kisha alizirudisha. Kaka mkubwa alikaa kwenye kitanda cha baba yake, asiweze kusema neno.

Watoto wale hawakuwa wabaya. Walisafiri kila mwaka na walitumia fedha nyingi. Kwa miaka minane walimpa zawadi baba waliyemkumbuka, huku baba aliyekuwapo akikaa mbele yao bila kuulizwa hali yake. Nasi tunasema hivi tukijihukumu pia, maana sisi mapadre huenda kwa wazazi wetu mara chache kuliko ninyi, tena kwa haraka.

Tusome tena Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Yakobo alimpelekea Isaka, baba yake aliyekuwa amepofuka, chakula akipendacho pamoja na divai. Zawadi ilikuwa tamu na ilipokelewa. Hata hivyo yule mzee hakutosheka na chakula. Alimwita mwanawe asogee, akampapasa, akamnusa, akamwuliza yeye ni nani. Isaka hakuona, lakini alitaka kujua ni nani aliye mbele yake. Sisi tunaona, na hatuulizi. Tunashusha mzigo, tunasalimia, tunapiga picha, na jioni tumekwishakwenda kwa rafiki zetu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, tunashauri mpige simu kwa mama, au kwa ndugu aliyebaki nyumbani, maana ndiye anayejua. Mzee anatumia dawa gani? Kwa mwenye kisukari, pombe pamoja na baadhi ya dawa huweza kuishusha sukari ya mwilini hadi hatari. Je, kinywaji kwake ni furaha ya jioni, au kimekwisha kuwa bwana wake? Ikiwa kimekuwa bwana wake, usimpelekee, hata kama ataomba, hata kama majirani watasema umemnyima. Viroba vilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini ulevi haukuondoka navyo. Zipo nyumba ambazo mama na wadogo zenu watalipa gharama ya chupa hiyo usiku, baada ya ninyi kulala. Kumheshimu baba kunaweza kudai kumnyima.

Na wapo wanaonunua chupa kubwa kwa sababu kuna neno halijasemwa. Mtoto aliondoka kwa ugomvi juu ya kihamba, au juu ya ndoa, na sasa anataka chupa iseme badala yake. Wazee wetu wa Uchagga walijua zaidi. Aliyetaka msamaha alikwenda na jani la isale mkononi, na jani hilo lilifuatana na maneno. Mbege ilinywewa pamoja, baada ya kupatana. Chupa haina ulimi. Ukiwa na deni la namna hiyo kwa baba, tafuta kwanza isale, kisha uje kwenye kinywaji.

Yule kijana wetu alimpigia mama yake palepale, nje ya kanisa. Aliambiwa mzee ni mzima, hana dawa anazotumia, na bado hupenda tone moja baada ya chakula. Basi tukamwambia: nunua ya bei ya kati, na uahidi jambo moja, kwamba utaifungua wewe mbele yake, umimine kidogo, ukae mpaka aimalize. Mwulize babu yake alikuwa nani. Mwulize yeye mwenyewe alikuwa akiogopa nini alipokuwa na umri wako. Chupa ikibaki nusu siku ya kurudi, si hasara. Itakuwa imefanya kazi yake.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anatutaka tumsaidie baba katika uzee wake, tusimhuzunishe, tumvumilie hata akili yake ikipungua. Hakutaja bei. Juma hili, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, kila mmoja aliye na baba hai ajiulize: nikiombwa sasa hivi kutaja dawa anayotumia baba yangu na jambo linalomnyima usingizi, ninaweza? Asiyeweza anayo zawadi ya kumpelekea, nayo haiuzwi dukani. Na sisi ambao baba zetu wamekwisha kutangulia, tuwaombee katika Misa, tukimshukuru Mungu kwa jioni zile chache tulizokaa nao.

Tunawatakia safari njema. Dereva asinywe. Mungu awabariki ninyi na wazazi wenu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.