Sehemu ya 7: Mama, usimmwagie mbwa mchuzi wa kitunguu

Najua mtasema nesi leo kahamia kwa mbwa. Sawa, lakini ile sufuria ya mchuzi tunayomkung'utia mbwa usiku, mimi nasema tuache.

Shida ni kitunguu. Kiwe kitunguu maji au saumu, kibichi, kilichokaangwa au kile cha unga kilichomo kwenye tomato sosi, kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mbwa wa kilo 10 anaweza kudhurika kwa gramu 150 tu, yaani kitunguu kimoja kikubwa. Na haugui hapo hapo, ndiyo maana hatushtuki. Siku chache baadaye analegea, fizi zinapauka, mkojo unakuwa mwekundu au kahawia. Sisi tunasema jirani kamtegea sumu! Pilipili nayo inamvuruga tumbo, chumvi nyingi inamtapisha.

Huyo mbwa ndiye analinda mbuzi na kwenda machungani na mwanao. Mtolee ugali na dagaa kabla hujaunga, basi, hakuna gharama inayoongezeka. Ukiona dalili hizo mwite afisa mifugo, usimpe maziwa ukasubiri.

Halafu mtoto asimsogelee mbwa anapokula. Aking'atwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, mlete kituoni siku hiyo hiyo akaangaliwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Na jamani, msipake kitunguu saumu kwenye jeraha.