SIGARA YA KWANZA HUTOKA MKONONI MWA NDUGU

Hakuna kijana azaliwaye na kiu ya tumbaku. Aghalabu sigara yake ya kwanza hupewa na rafiki wa shuleni au kaka yake, au huichukua kwa siri mezani pa baba. Kwa hiyo ulinzi wa vijana wetu hauna budi kuanzia nyumbani, zikiwemo nyumba za kambini.

Askari anaijua vema nguvu ya kundi. Mtu ambaye peke yake angechoka njiani, akiwa katika safu hufika. Nguvu hiyo hiyo humvuta kijana kwenye moshi. Mara ya kwanza hukohoa na kuona kizunguzungu, na lau angeachwa asingeirudia. Humrudisha kicheko cha wenzake. Kisha nikotini hushika hatamu, kwani ubongo unaokua hunaswa upesi kuliko wa mtu mzima. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba, katika kila watu wazima 10 wavutao kila siku, karibu 9 walionja sigara kabla hawajapita umri wa miaka 18.

Hapa Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21. Inakataza pia kuuza sigara moja moja. Basi polisi amtumaye mwanawe dukani kumletea sigara moja anamtaka mwenye duka avunje sheria mara mbili, sheria ambayo yeye mwenyewe ameapa kuilinda. Aidha, anamfundisha mtoto kwamba sigara ni kitu cha kawaida, kama chumvi au sabuni.

Twawasihi askari wote, wa vyeo vyote: msiwatume watoto sigara, wala msivute mbele yao. Wenye kujitahidi kuacha wasione haya kuwaeleza wana wao jinsi ilivyo vigumu kuacha, maana hilo ni funzo kubwa kuliko kiboko. Nao polisi wasiyafumbie macho maduka yaliyo karibu na shule.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mtoto hatamsikiliza mzazi amkatazaye sigara huku moshi ukimtoka puani.