Mabao 9 ya Mulamba yanapita mbio za Vienna
Vijana wa Butembo na Beni wanabishana: katika michezo, kazi gani ni ngumu kuliko zote? Wengi wanamtaja Mkenya Eliud Kipchoge, aliyemaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 pale Vienna. Hapana. Kipchoge alikuwa na wakimbiaji wa kumkinga upepo, wakipokezana; ndiyo sababu muda ule haukukubaliwa kuwa rekodi.

Ndaye Mulamba nani alimkinga? Huko Misri, mwaka 1974, aliifungia Zaire mabao 9 katika Kombe la Afrika moja. Fainali na Zambia ilirudiwa: 2-2, kisha 2-0. Yote manne ni yake! Hadi leo hakuna aliyemfikia.

Na wahami wajue: yeye pia alikimbia kwao. Alifia Afrika Kusini mwaka 2019, mwaka uleule wa Vienna.