Mzee Joiner Si Hoja

Wapo wanaopenda kutuambia kwamba mafuta ya petroli yaligunduliwa na watu wasiosoma, na kwamba wanajiolojia walikuja baadaye na vitabu vyao kula matunda. Shahidi wao mkubwa ni Columbus Joiner, mzee wa miaka 70, aliyechimba kisima chake cha tatu mashariki ya Texas akapata mafuta, Oktoba 1930, mahali ambapo wataalamu wa makampuni makubwa walipadharau. Hoja hii naisikia hata vinywani mwa walimu, nayo hunikera kweli kweli.

Haya, tuitazame. Tangu 1885 I. C. White alikuwa akiwaonyesha Wamarekani kwamba mafuta na gesi, kwa kuwa ni vyepesi kuliko maji, hupanda na kujikusanya penye mgongo wa mkunjo wa miamba. Fundisho hilo lilizaa visima vingi. Balaa ilikuja wafuasi walipoigeuza njia moja kuwa amri: pasipo mkunjo hapana mafuta. Na mashariki ya Texas hapakuwa na mkunjo. Palikuwa na tabaka la mchanga, liitwalo Woodbine, linalopanda kuelekea mashariki huku likizidi kuwa jembamba mpaka likaisha, na juu yake limezibwa na mwamba wa chokaa. Mafuta yalipanda, yakakwama humo. Eneo hilo limekwisha kutoa zaidi ya mapipa bilioni 5.

Je, Joiner aliyajua hayo? Hata kidogo! Alishika ripoti ya mtu aliyejiita mwanajiolojia, iliyotaja mikunjo na kuba za chumvi ambazo hazikuwapo. Mwalimu mwenzangu, mtoto akipata jibu sahihi kwa hesabu ya uongo, utampa alama ngapi? Walioeleza jambo hili wakaeleweka ni kina A. I. Levorsen, katika miaka hiyo hiyo ya 1930: mtego waweza kuwa ni tabaka lenyewe. Hilo mtu aliweza kulichukua akaenda kutafutia mafuta kwingine. Bahati ya Joiner angeichukuaje?

Wataalamu wa makampuni siwatetei. Wao walikariri. Nimesahihisha madaftari ya wanachuo wa ualimu waliokariri vivyo hivyo, "mafuta hukaa kwenye mkunjo", na nilipowauliza kwa nini, kimya. Anayejua kwamba sababu ni wepesi wa mafuta juu ya maji, swali la pili humjia lenyewe: ni kitu gani kingine kiwezacho kuyazuia yasipande?