Toa Karatasi Kwenye Lebo

Kuna hadithi mbili zinazosimuliwa kuhusu soul ya kaskazini, na zote mbili zimenichosha. Ya kwanza ni ya mapenzi: ati hapo zamani vijana wa viwandani Uingereza walikesha wakicheza muziki wa watu weusi wa Marekani, wakawa ndugu, na dunia ikawa njema. Ya pili ni ya hasira: ati wazungu wameiba tena, mjadala umefungwa. Ya kwanza naisikia sana huku Manchester ninakoishi. Ya pili ndiyo marafiki zangu wa Nairobi hunirushia kila nikiwatumia video ya wazee wakizunguka kama pia juu ya sakafu ya mbao.

Mimi nasema hivi: udugu ulikuwepo, tena wa kweli. Lakini ulikuwa na shimo katikati, na shimo lenyewe lilikuwa jina la mwimbaji. Tusipoliangalia vizuri, tutachimba lingine kama hilo Nairobi. Na tumeshaanza kuchimba.

Kwa msee ambaye hajui tunaongelea nini, ngoja nieleze. Katikati ya miaka ya 1960, Detroit, Chicago na miji mingine ya Marekani ilitoa santuri ndogo za soul kwa wingi wa ajabu. Motown ilikuwa imeonyesha kwamba pesa ipo, na kila mwenye studio ya chumba kimoja alitaka kuwa Berry Gordy. Nyingi za santuri hizo zilikufa siku ya kuzaliwa. Redio haikuzipiga, lebo ikafilisika, mwimbaji akarudi kwenye kazi yake ya mchana. Kufikia mwisho wa muongo huo, Marekani yenyewe ilikuwa imehamia kwenye funk.

Kaskazini mwa Uingereza, vijana wa viwanda vya nguo, migodi ya makaa na karakana walikataa kuhama. Walitaka ule mdundo wa mbio wa 1965 na 1966. Walicheza Twisted Wheel, klabu ya Manchester iliyodumu kutoka 1963 hadi 1971. Wakaenda Golden Torch kule Stoke, wakaenda Mecca ya Blackpool, na kuanzia tarehe 23 Septemba 1973 wakawa na Wigan Casino. Jina lilitoka kwa Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri London. Aliona mashabiki wa mpira kutoka kaskazini wakiingia dukani bila hamu ya ngoma mpya, akawafundisha wafanyakazi wake kuwawekea hiyo ya zamani, soul ya kaskazini. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo kwenye jarida la Blues & Soul, na likashika.

Kesha la Wigan lilianza saa nane usiku na kuisha saa mbili asubuhi. Pombe haikuuzwa. Soma hapo tena, wewe ambaye hujawahi kuona sherehe bila chupa mezani. Watu walikuja na begi: fulana ya kubadilisha, taulo, na poda ya kumwaga sakafuni ili viatu viteleze. Sitawadanganya, wengi pia walimeza vidonge vya kufukuza usingizi, na kuna walioumia. Lakini kidonge hakielezi kwa nini mtu amalize wiki nzima ya kazi ngumu, kisha apande basi usiku wa Jumamosi kwenda mji wa mbali kusikiza nyimbo ambazo zilishindwa sokoni miaka kumi iliyopita.

Kuna mama mmoja ninayefanya naye kazi kwenye makao ya wazee. Yeye yuko jikoni, mimi nawahudumia wazee. Namwita Mathe, kwa sababu siwezi kumwita mtu wa umri wa mamangu kwa jina kavu, na yeye ameshazoea. Alikuwa na miaka 17 alipoanza kwenda Wigan, akitoka kwenye mashine za kushona. Anasema kwa muda mrefu aliwajua watu kwa jina la kwanza na mji waliotoka, basi. Mtu akikosa nauli, wenzake walichanga. Ukiteleza na kuanguka, mkono wa mtu usiyemjua ulikuinua kabla wimbo haujaisha. Na kitu anachokitaja mara nyingi zaidi ni hiki: msichana angeweza kucheza peke yake usiku kucha, na hakuna mwanaume angemshika mkono au kumuuliza amekuja na nani. Wadada mnaosoma hii mnajua hiyo si kitu kidogo. Hadi leo, mmoja wao akifa, wengine hukusanyika kumzika.

Kwa hivyo usiniambie udugu ule ulikuwa ndoto ya wazee. Na usiniambie ulikuwa wizi mtupu pia. Wale vijana walinunua santuri kwa mshahara wa kiwandani. Waliwaleta waimbaji kutoka Marekani: Major Lance wa Chicago alipanda jukwaa la Torch mwaka 1972, mbele ya umati uliompokea kama mfalme, na onyesho hilo likarekodiwa na kutolewa kama albamu. Mwizi hakuiti kwake akupigie makofi.

Sasa sikiza upande mwingine. Kuna wimbo ambao Mathe aliupenda kuliko yote, na alijua umeimbwa na Eddie Foster. Aliuomba kwa jina hilo, akawasimulia wengine kwa jina hilo. Kumbe wapi! Wimbo ni Do I Love You (Indeed I Do), na sauti ni ya Frank Wilson, mtunzi na mtayarishaji wa Motown aliyeurekodi mwaka 1965. Hakuna aliyekosea. Jina lilibadilishwa makusudi.

Desturi ilikuwa hivi. Dijei akipata santuri ambayo hakuna mwingine anayo, alibandika karatasi juu ya lebo. Kisha alitunga jina jingine la wimbo, na jina jingine la mwimbaji, akalitangaza kwenye maikrofoni. Sababu ilieleweka: wimbo mmoja adimu uliweza kuvuta watu kutoka kila upande, na dijei wa klabu ya pili akijua ni wimbo gani, atautafuta. Isitoshe, kulikuwa na watu wa kuchapa nakala haramu. Ndiyo maana wengi wa zamani bado wanatetea ile karatasi, wakisema ililinda muziki.

Ililinda muziki dhidi ya nani, bana? Ilimlinda dijei na mlango wa klabu yake. Mwimbaji wa Detroit aliyekuwa akiendesha basi au kufagia shule hakulindwa na chochote. Hakujua kwamba Jumamosi usiku, ng'ambo ya bahari, mamia ya watu wanajua kila neno aliloliimba. Na hata wangetaka kumtafuta, wangemtafuta kwa jina la nani?

Kibaya zaidi, kwenye nguo na begi zao walishona ngumi nyeusi iliyokunjwa, alama waliyoichukua kutoka kwa harakati za ukombozi wa watu weusi Marekani, ikizungukwa na maneno ya kuhimizana kushika imani. Ngumi ile ilimaanisha: tuoneni, tuiteni kwa majina yetu. Huwezi kuivaa kifuani huku umefunika jina la mtu mweusi kwa karatasi. Ilikuwa pia nchi ambayo Enoch Powell alihutubia Birmingham mwaka 1968 dhidi ya wahamiaji, na ambayo National Front iliandamana mitaani miaka ya 1970. Kupenda sauti ya mtu hakujawahi kuwa sawa na kumpa kiti mezani. Nafanya kazi katika nchi hii, hiyo naijua bila kufundishwa.

Halafu tuongee doo. Nakala asili za ule wimbo wa Frank Wilson zilizobaki zinahesabika kwa vidole, na moja iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Santuri ikiuzwa kwa mkono wa pili, pesa yote ni ya muuzaji. Mwimbaji hapati hata senti, awe hai au kaburini. Uhaba unamtajirisha mwenye kabati.

Au chukua Tainted Love. Gloria Jones aliiimba katikati ya miaka ya 1960, ikawekwa upande wa pili wa santuri, ikafa. Mwaka 1973 Richard Searling, dijei Mwingereza, aliipata akiwa Marekani akairudisha nyumbani, na makesha yakaifufua. Mwaka 1981 Soft Cell waliirudia, ikafika namba moja Uingereza. Mfumo unavyofanya kazi ni kwamba wimbo ukirudiwa, mtunzi hulipwa, na wanaouimba upya hulipwa. Mwimbaji wa kwanza, kama hakuutunga yeye, hapati chochote kwa toleo hilo. Gloria Jones hakuutunga. Aliutunga Ed Cobb. Kitu pekee alichobaki nacho ni jina lake. Ndiyo maana jina si mapambo. Kwa mwimbaji wa aina hiyo, jina ndilo shamba lake lote. Mtu akikumbuka jina, anaweza kumwita kwenye jukwaa, na jukwaa linalipa.

Najua kuna atakayesema: bila wale wawindaji wa santuri, hizo nyimbo zingekuwa takataka. Kweli kabisa, na nawapa heshima yao. Lakini aliyekuokotea mtoto sokoni hapati ruhusa ya kumbadilisha jina.

Kwa nini nawaandikia nyinyi, watu wa Nairobi, Kisumu na Mombasa? Kwa sababu sisi pia tuna santuri ndogo. Miaka ya 1970 River Road ilizitoa kwa lundo: benga ya Kijaluo, ya Kikamba, nyimbo za Kikikuyu, rumba ya Kiswahili. Nyingi zilichapwa kidogo zikapotea. Wawindaji wamezifikia, wengine wao waungwana. Mkusanyiko wa Kenya Special uliotoka London mwaka 2013 ulikuja na majina ya bendi na historia zao, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini wengine hununua kwa bei ya mboga na kuuza kwa bei ya gari.

Na sisi wenyewe? Nimeona madijei wa rika langu wakirekodi santuri ikizunguka huku kidole gumba kimefunika lebo. Ukiwauliza wimbo ni upi, wanakujibu kwa kicheko. Manze, huo ni wimbo wa guka wa mtu! Pengine mzee mwenyewe yuko Murang'a au Homa Bay sasa hivi, anatafuta karo ya mjukuu, na wewe umemfunika kwa kidole ili uonekane mjuaji.

Kuna njia nyingine, na haijatoka mbali. Joseph Kamaru alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake, msanii anayejulikana kama KMRU, anatoa upya nyimbo za babu yake kwa jina la babu yake, na yeyote anaweza kuzinunua na kuzisikiza. Nyimbo hazijapoteza utamu kwa sababu watu wengi wanazijua. Mathe angeelewa hilo upesi kuliko madijei wake wa zamani.

Wigan Casino ilifungwa tarehe 6 Desemba 1981. Kesha lilikuwa likimalizika kwa nyimbo zilezile tatu, za Tobi Legend, Jimmy Radcliffe na Dean Parrish. Jengo lilishika moto likabomolewa, na leo mahali pake pana maduka. Kilichobaki ni watu, na majina waliyojua. Karatasi nyingi zilishabanduka, lakini kwa baadhi ya waimbaji zilibanduka wakiwa wameshazikwa.

Kwa hivyo, dijei, ombi langu ni dogo. Ukipiga wimbo wa zamani Jumamosi hii, shika maikrofoni utaje aliyeimba, aliyetunga na bendi. Weka lebo wazi kwenye video yako. Kama mwenyewe yu hai, mtafute, mpigie simu, mlete mbele ya watu na umlipe kabla hajapanda jukwaani. Nasi tulio sakafuni, kama hujataja, tukuulize kwa sauti hadi useme.