MEZA KUUKUU SI KUNI

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbona basi siku hizi tunaziona meza za zamani za mbao ngumu kuwa kuni tu, au mali ya kumpa mchuuzi wa kwanza anayebisha hodi?

Nitoe mfano wa kwetu. Babu ana meza ya kulia chakula aliyochongewa miaka ya 1960. Ni ya mbambakofi, haina nakshi, na miguu yake hupungua unene kuelekea chini. Ami anasema ati imepitwa na wakati, iuzwe, tununue ya kung'aa ya dukani. Mimi napinga.

Kwanza, nyingi za dukani si mbao hasa. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Zikilowa hufura kama andazi. Sisi tunaoujua mto Tana, kitu hicho cha nini? Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoingia nyumbani, meza ya babu ilisimama majini siku kadhaa ikiwa imebeba gunia la mahindi, madaftari yangu na kuku watatu. Maji yalipopungua tuliipangusa, tukaianika kivulini, tukala juu yake. Si mchezo!

Pili, mbambakofi hukua polepole. Anayeupanda leo anawachongea wajukuu. Nayo misitu ya kando ya Tana imebaki vipande vipande, na humo wanaishi aina mbili za kima wasiopatikana kwingine duniani. Ndiyo maana hifadhi yao ilitengwa mwaka 1976. Tukitupa meza nzima, mti mwingine utaangushwa.

Tatu, huo mtindo anaoucheka Ami ulivuma sana Ulaya na Marekani miaka ya 1950 na 1960. Leo wapo wanaozitafuta meza kama hizo huko na kuzilipia bei ghali. Pengine mchuuzi anajua. Sisi ndio tumelala.

Kuna atakayeniambia, "Karo ikidaiwa utakula meza?" Ni kweli, shida haina adabu. Lakini mtu auze akijua anachouza, wala si kwa bei ya kuni. Mguu ukilegea, aitwe seremala atie gundi na kabari. Na anayetaka meza mpya, miembe mizee isiyozaa tena ipo.

Wanafunzi wenzangu, jioni tukifika nyumbani hebu tufunue kitambaa cha meza tutazame ubao wake. Kisha tuwaambie wazee: hii haiuzwi ovyo.