Kaka, mrudishe mtoto alale nyumbani

Kaka Aloyce,

Barua hii nilitaka kuiweka kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, nikaona mtanitoa. Basi naianika hadharani, aisome kila Mrombo na yeyote mwingine inayemgusa.

Jumamosi iliyopita ulituma video mbili. Ya kwanza ni ya yule bwana anayefoka kwamba Kanada serikali inawageuza watoto jinsia shuleni na wazazi wamezibwa midomo. Chini yake ukaniandikia: "Mdogo wangu, rudi uwaokoe wanao." Ya pili ikaingia dakika 20 baadaye: Junia wako, miaka saba, sweta linamfika magotini, amekaa juu ya tranka jeusi stendi ya Mkuu, godoro limefungwa kamba pembeni. Anapelekwa bweni Moshi. Watu wakamwaga makopakopa: hongera baba, hongera sana.

Hiyo ya pili nimeirudia mpaka simu ikazima.

Nianze na ya kwanza. Naishi Regina, mji mkuu wa jimbo la Saskatchewan, na huyo bwana wako angenipigia simu ningemsaidia. Jimbo hili hili lilitangaza Agosti 2023 kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 hawezi kuitwa shuleni kwa jina jipya au viwakilishi vipya vya jinsia bila mzazi kuridhia. Jaji akaizuia amri hiyo mwezi uliofuata. Waziri Mkuu wa jimbo, Scott Moe, akaliita bunge kabla ya wakati wake, na tarehe 20 Oktoba sheria ikapita, imekingwa na kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki wa Kanada, kile kinachoruhusu bunge kutunga sheria hata ikigongana na baadhi ya haki za kikatiba. Kamishna mmoja wa haki za binadamu wa jimbo alijiuzulu kwa kuipinga. Kesi zikaendelea. Mimi nilipiga makofi, kaka, sikufichi. Mzazi asiulizwe kwa nini?

Usiku ule nikampigia mama kumweleza wazungu wanagombania nini. Nikakwama. Kwetu mtoto ni yeye, awe wa kiume, awe wa kike. Amekula, amelala, anaumwa: hujui ni nani mpaka atajwe. Nikazunguka weee, mama kimya. Mwisho akauliza: "Kwani huyo mtoto akitoka shule haongei na mama yake?"

Nilikata simu nikisingizia mtandao. Miezi ile nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Narudi saa moja asubuhi, binti yangu anavaa viatu vya theluji mlangoni. Mazungumzo yetu yalikuwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. "Mama, saini fomu." Fomu yenyewe ilikuwa ya somo la afya ya uzazi, maana sheria ile ile inataka mzazi ajulishwe mapema na akitaka amtoe mwanawe darasani. Nikasaini nimesimama, koti sijavua. Hiyo ndiyo haki niliyoipigia makofi. Jina la mwalimu wake nilikuwa silijui.

Ninyi mko wapi? Msimamizi wa kulala kwa Junia ni nani? Nilikuuliza, ukajibu "matroni yupo." Matroni gani, kaka? Ana watoto wangapi usiku mmoja? Mtoto akikojoa kitandani anafanywaje? Akishikwa mahali asipopaswa kushikwa, anamwambia nani, tranka? Unaogopa mwalimu wa Regina asije akajua siri ya mwanangu kabla yangu, na siri zote za mwanao umezifunga kufuli ukampa mtu usiyemjua hata ubini wake.

Hapa ndipo sitawaachia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake. Mwaka 2023 serikali yetu ikapiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Kelele zikatoka wapi? Kwetu wazazi! Mkadai mko bize, mkadai Kiingereza, mkadai nidhamu. Shule ya Junia ikalibatiza bweni ikaliita "kituo cha malezi," nanyi mkalipa. Nataka marufuku ile isimamiwe kweli, ipandishwe mpaka mtoto amalize shule ya msingi, na jina likibadilishwa, kufuli ligongwe mlangoni. Fedha za mabweni zinunue mabasi ya shule na uji wa mchana.

Sisi wa Rombo hatuhitaji kuambiwa. Shauritanga, Juni 1994, mabinti zaidi ya 40 waliteketea bwenini, na hao walikuwa wa sekondari, wenye nguvu za kukimbia. Kyerwa, Septemba 2020, watoto 10 wa shule ya msingi. Nyeri kwa majirani, Septemba 2024, wavulana 21. Kila mara tunalia, tunachanga, tunazika, Januari tunanunua tranka.

Najua utakachosema: "Wewe je?" Sema tu. Nilimwacha binti yangu ana miaka mitatu, nikampata tena ana tisa. Mama alimlea vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Lakini siku aliyofika Regina aliniamkia, akasimama katikati ya jiko, akaomba ruhusa ya kufungua friji. Mpaka leo akiumwa anampigia bibi yake kwanza. Hakuna bunge la jimbo lolote litakalonirudishia miaka ile sita, na ndiyo maana nakupigia kelele kwa gharama ya salio langu.

Jambo la mwisho, nalo ukoo ulijue. Ada ya Junia nusu natuma mimi. Nilikuwa naituma nikijiona shangazi mwema. Ya bweni situmi tena. Nitatuma ya basi la shule, na ya dada wa kumpokea jioni kama wewe na shemeji mnachelewa dukani.

Nauli ya kwenda kumchukua Moshi nimeituma leo asubuhi. Angalia simu yako.

Mdogo wako,
huku Regina